Mifuko Tisa ya Maganda ya Yuzu

Wanangu, mwalimu wenu wa upishi aliniomba nije darasani kuzungumza nanyi. Nilikuja hadi mlangoni, nikaziona zile ngazi, nikageuza nikarudi kituo cha basi. Magoti yangu yameshapanda ngazi zake zote. Kwa hiyo nawaandikia, nanyi msome mkiwa mmekaa, maana mkishaingia jikoni siku za kukaa zitakuwa chache.

Mwalimu ametaka niwaeleze juu ya yuzu iliyogandishwa, kwa kuwa nimeishika miaka kumi na mitatu katika jiko moja la chini ya ardhi, katikati ya London. Nitawaeleza. Lakini kuna jambo langu lililofungamana na tunda hilo, na hilo nalo nitalisema, ingawa mwalimu hakuliomba.

Tuanze na tunda lenyewe. Yuzu ni ndugu wa ndimu na chenza. Ukubwa wake ni wa chenza, ganda lake ni la njano lenye mabonde na vipele, na kwa sura, niseme kweli, haipendezi. Ukiikamua unapata maji kidogo na mbegu nyingi, mpaka unajiuliza Mungu alikuwa na haja gani na mbegu zote hizo. Uzuri wake uko kwenye ganda. Likwaruze kidogo tu, utasikia harufu ya ndimu, ya chenza na ya balungi kwa pamoja, na harufu nyingine ambayo sijaipatia jina kwa lugha yoyote. Hukomaa kule Japani wakati sisi huku tunatafuta makoti, na msimu wake hupita upesi. Ndiyo sababu hugandishwa: tunda zima, au maji yake peke yake, au maganda peke yake.

Mimi mtoto wa Tanga nilikuwa sijapata kuiona. Nilipoajiriwa nilikuwa mtu wa maandalizi, yaani kumenya, kuosha, kukata, kufunga na kupanga, ili wapishi wakifika wakute kila kitu tayari. Mwenye mgahawa alikuwa Shefu Haruko, mwanamke wa Kijapani, mfupi, mwenye maneno machache. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga na changu cha kuungaunga, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Wiki yangu ya pili nilikuta kwenye chumba cha barafu sanduku la matunda ya njano, magumu kama mawe. Nikasema moyoni, masikini, kuna mtu amegandisha ndimu kwa bahati mbaya. Kwetu ndimu haigandishwi, kwetu ndimu hutiwa chumvi. Nikaona hapa ndipo pa kujipatia sifa. Nikamimina sanduku zima katika beseni la maji ya moto, zilipolainika nikazipasua nne nne, nikatia chumvi, pilipili na manjano, nikapanga kwenye makopo. Achari safi kabisa! Nikakaa namsubiri Shefu aje anipongeze.

Shefu Haruko alikuja akayatazama makopo. Kisha akatazama beseni. Akachovya kijiko katika yale maji yaliyobaki akanipa nionje. Yalikuwa yananukia kuliko achari yangu yote.

"Tunda limebaki humu," akaniambia, akionyesha beseni. "Nani amefanya?"

"Mimi," nikasema. "Nilidhani ni ndimu."

"Uliuliza mtu?"

"Sikuuliza."

Alifikiri kidogo. "Leo umekosa mara mbili. La kuyeyusha nitakufundisha. La kutouliza nakusamehe, lakini mara moja tu." Halafu akaongeza maneno ambayo baadaye aliyarudia kwa kila aliyeingia jiko lile: "Anayeuliza kisha akakosea, huyo mwanafunzi. Asiyeuliza, siwezi kufanya naye kazi."

Nilimwambia kwamba hata kwetu tunasema kuuliza si ujinga. Akafurahi sana. Ile achari tuliila sisi wafanyakazi na wali mwezi mzima, na yeye pia, hakusema hata siku moja kwamba ni mbaya. Ilikuwa mbaya.

Sasa sikilizeni, haya ndiyo mliyoyafuata. Yuzu iliyogandishwa ikwaruzwe ikiwa bado jiwe. Usiiache ilainike kwanza ukidhani unaurahisishia mkono kazi, maana ikishalainika ganda linakuwa kama kitambaa kilicholowa na chombo chako hakitashika kitu. Ishike kwa taulo kavu, vidole vyako visigande, tumia kile kibati cha kukwaruzia karoti, ila chagua cha meno madogo. Zungusha tunda, pita mahali mara moja tu. Ukiona weupe, acha, hapo umefika kwenye uchungu. Ukimaliza ganda, liache tunda juu ya meza kama robo saa, likate katikati, likamue juu ya chujio. Maji yake yagandishe katika vile visahani vya barafu, kila kipande kitoshe mlo mmoja. Mbegu usitupe. Zifunge katika kitambaa chembamba uzichemshe pamoja na jemu, jemu itashikana bila kutia kitu kingine.

Maganda uliyokwaruza yatie kwenye mifuko, yatandaze bapa, toa hewa yote, andika tarehe, rudisha kwenye baridi upesi. Ukitaka kutumia, vunja kipande unachohitaji, mfuko urudi palepale. Yakishayeyuka yote hayarudi tena kwenye barafu. Hiyo ni kanuni ya afya, na hata pasingekuwa na kanuni, harufu ikishatoka haikusikilizi ukiiita. Siku hizi yanakuja yamekwaruzwa tayari, na mashine ya kunyonya hewa inafanya kwa dakika moja kazi iliyoniondolea ngozi ya vidole. Sina kinyongo na mashine. Nina kinyongo na vidole.

Na moto, jamani. Usichemshe yuzu. Ipua kwanza, ndipo utie. Inafaa samaki, inafaa supu nyepesi, inafaa krimu na malai, inafaa kachumbari. Changanya maji yake na sosi ya soya, una kitoweleo cha nyama ya kuchoma. Saga maganda na pilipili mbichi na chumvi, kijiko kimoja kitakupeleka mwezi. Mimi mwenyewe hutia kwenye mchuzi wa kamba wa nazi, dakika ya mwisho, na hukwaruzia juu ya mihogo ya kukaanga. Mjukuu wangu Saumu, aliyezaliwa hapahapa Ilford, mashariki ya London, huniambia, "Bibi, it's just a lemon," eti ni limau tu, kisha anamaliza sahani.

Mtu atawauliza, ina faida gani mwilini? Mjibuni kweli. Ina vitamini C nyingi, kwenye maji na zaidi kwenye ganda, na baridi haiiharibu sana. Joto ndilo linaloiharibu. Ganda lina nyuzinyuzi. Lakini kijiko kimoja cha maganda hakimponyi mtu, na anayewauzia chupa ndogo akisema inatibu kila kitu, mwacheni aendelee na safari yake. Faida yake kubwa naiona kwenye chumvi. Ukali na harufu vinaudanganya ulimi, unapunguza chumvi nusu na mlaji hajui. Mimi nina presha, kwa hiyo hili silisemi kwa kusikia.

Basi. Sasa lile jambo langu.

Mwaka wangu wa saba pale, nilimtafutia kazi mwanamke mmoja aitwaye Furaha. Alitoka Bukavu, Kongo, tulijuana kwenye foleni ya dobi la mashine hapa Ilford. Nilimsikia anamkemea mwanawe kwa Kiswahili, nikageuka kama niliyeitwa jina. Alikuwa na watoto wawili, wanaishi chumba kimoja cha hosteli, na Kiingereza alikuwa hana. Alikuwa amepata mtu wa kumpangisha nyumba ndogo, lakini mwenye nyumba alitaka barua ya mwajiri, barua inayosema kwamba kazi yake ni ya kudumu. Nikamwambia Shefu, huyu atakuwa chini yangu, mimi nitamtafsiria. Shefu akakubali, miezi sita ya kujaribiwa, ndipo barua.

Furaha alikuwa mfanyakazi. Alikuwa na mikono ya haraka na jicho la kuona uchafu kabla yangu. Tatizo letu lilikuwa Kiswahili. Msicheke. Kiswahili chake na changu ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali; hata ndiyo yangu, kwake ilikuwa njo. Wiki ya kwanza alinipigia kelele kutoka kwenye sufuria, "Mama, chumvi imeenea!" Nikakimbia na ufagio, nikidhani imemwagika sakafu nzima. Kumbe kwao kuenea ni kutosha. Chumvi ilikuwa imekolea sawasawa, basi. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mtu mwenye akili, baada ya siku ile, angejiuliza: kama kutosha kwao ni kuenea, je, wakisema tosha wanamaanisha nini? Mimi sikujiuliza.

Ilifika Juni, mwezi wake wa sita. Maganda yetu ya yuzu yalikuwa mifuko tisa, hayo ndiyo ya kutufikisha hadi mavuno ya mwisho wa mwaka, kwa kuwa Shefu alikuwa akinunua kwa mkulima mmoja tu wa kwao. Jumamosi ile tulikuwa na karamu, meza zote zimechukuliwa na watu waliokuja kwa ajili ya vyakula vya yuzu. Na wiki hiyohiyo Shefu alikuwa ameniahidi kwamba mimi ndiye nitakayekuwa mkuu wa maandalizi, baada ya miaka saba ya kumenya. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Nilijua kwamba nikiikosa hiyo, nitamenya mpaka nianguke.

Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, nikamwambia Furaha: "Nenda chumba cha barafu, katazame maganda kama yatosha." Nilitaka kujua kama yatafika Jumamosi.

Akaenda. Akakaa kidogo. Kisha akafungua mlango nusu akaniuliza kwa sauti, feni ya baridi ikinguruma nyuma yake: "Mama, maganda, nitoshe?"

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya figili, nimepanga vipande, sikutaka kupoteza hesabu. Nilisikia anauliza kama yanatosha. Nikamjibu bila kuinua kichwa: "Eee, yatosha. Yote hayo, yatosha."

Nikapanda juu kupokea samaki. Gari lilichelewa, dereva akawa na maneno mengi, nami nikawa na maneno mengi zaidi. Niliporudi ilikuwa yapata saa tisa alasiri. Kwenye ngazi nikakutana na mpishi wa vitamu, anatabasamu. "Leo jiko linanukia vizuri sana," akasema. Na kweli. Miaka yote ya kazi sijapata kusikia jiko lile likinukia kama siku ile. Lilinukia hadi kwenye korido, na kila aliyeingia alivuta pumzi akafurahi.

Mifuko yote tisa ilikuwa juu ya meza ya chuma, karibu na oveni, imepangwa vizuri, tatu tatu. Ndani yake palikuwa na maji ya rangi ya chai na kitu kilicholala chini kama majani yaliyooza. Furaha alikuwa kwenye karo anasugua sufuria. Akageuka akaniona, akaniuliza kwa upole, "Ni kwa kazi gani, mama? Nilikuwa nangoja uniambie."

Shefu Haruko alikuwa ameshafika. Aligusa mfuko mmoja kwa kidole. Hakupiga kelele, hajawahi. Akaniambia, "Muulize kwa nini ameyatoa."

Nikamuuliza. Furaha akajibu palepale, akimtazama Shefu, siyo mimi:

"Mi niliuliza. Nilifungua mulango nikauliza kama nitoshe. Mama akaniambia tosha yote. Njo nikatosha yote."

Hapo, wanangu, ndipo nilipoelewa. Kwao kutosha ni kutoa. Kutoa kitu mahali kilipo. Nilimwambia nenda ukatoe, akaona ni ajabu, akarudi akauliza, nikamwambia toa yote. Hakukosea hata neno moja. Alifanya kila alichofundishwa katika jiko lile, hasa lile la kwanza kabisa, la kuuliza.

Shefu alikuwa ananitazama anangoja tafsiri. Ilikuwa sentensi rahisi. Hata Kiingereza changu cha kuungaunga kingeitosheleza: aliuliza, mimi nilimjibu vibaya. Na mimi niliona nafasi yangu ya ukuu inaondoka, nikajiona nimeinama juu ya figili na miaka sitini na tano. Nikafungua mdomo nikasema:

"She says, mistake. Her mistake. She is sorry."

Anasema ni kosa lake, anaomba radhi. Hivyo ndivyo nilivyosema.

"Hakuuliza?" Shefu akaniuliza mimi.

"No," nikasema. "Hakuuliza."

Furaha alinitazama. Nilidhani anasubiri nimfariji. Shefu alisema maneno yake yaleyale, safari hii polepole kwa kuwa alikuwa ameumia, kwamba asiyeuliza hawezi kufanya naye kazi. Nikamtafsiria hayo vizuri kabisa, neno kwa neno. Furaha akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Akasema "Aksanti" kwa Shefu. Mimi akanipita, akapanda ngazi. Jioni ile nilisaga maganda yaliyoharibika na pilipili na chumvi, tukaokoa mfuko mmoja na nusu. Karamu ikapita na kitu kingine. Jumatatu nikapewa ukuu wa maandalizi.

Niliukalia ukuu huo miaka sita mpaka nikastaafu. Sikuuonea raha hata mwezi mmoja. Sisemi hivi ili mnionee huruma, mshahara niliula. Lakini kila msimu sanduku jipya lilipofunguliwa na watu wakavuta pumzi wakisema aah, mimi nilikuwa napanda juu kungoja samaki, hata kama gari halijafika. Kama Furaha alihama hosteli ile au alibaki, sikuuliza. Nilibadilisha na dobi, nikawa nafua mtaa wa tatu ili nisikutane na mtu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka tisa, tena kwa miguu.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda kliniki kupimwa presha. Aliyenifungulia mlango wa chumba alikuwa amevaa sare ya bluu, na miwani, na kitambulisho shingoni. Akaniita jina langu lote kwa Kiingereza kilichonyooka. Nilikaa. Akanifunga ule mkanda mkononi, mashine ikabana, ikapumua. Akatazama namba.

"Iko juu sana, mama," akasema kwa Kiswahili. "Tungoje dakika tano, tupime tena."

Nikamwangalia vizuri. "Furaha."

"Njo miye."

Dakika tano ni nyingi mtu akiwa na deni la maneno. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba siku ile sikutafsiri alichosema, kwamba nilimwambia Shefu ni kosa lake, na kwamba hakuuliza. Nililia, nitawaficha nini. Mzee mzima na mkanda wa presha mkononi.

Alinisubiri nimalize. Akanipa karatasi ya kupangusia. "Nilijua," akasema.

"Ulijuaje? Ulikuwa huna Kiingereza."

"Kiingereza sikuwa nayo, lakini mistake nilijua. Mu karatasi zangu waliandika mwaka ya kuzaliwa mubaya. Kila ofisi naenda wananiambia, mistake, mistake, rudi kesho. Njo neno ya kwanza nilijifunza mu hii inchi. Uliposema mistake nikaelewa unasema nini juu yangu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema na kinywa ya nani, mama?" Hakusema kwa hasira. "Kinywa ilikuwa yako."

Nikamuuliza ile nyumba. Akasema mwenye nyumba hakungoja, walikaa hosteli miaka miwili tena, mtoto wake mkubwa alisomea mitihani kitandani. Sasa yuko chuoni. Alisema hayo akiandika kitu kwenye kompyuta, kama anayesoma orodha ya dawa.

Akanifunga mkanda tena. Ilikuwa imeshuka, si sana. Alipokuwa anaufungua akaniuliza, "Na Shefu, ulimwambia ukweli?"

"Bado."

"Umwambie. Si kwa sababu ya kazi, kazi niko nayo. Lakini mu kichwa yake mi niko mutu asiyeuliza." Akakunja mkanda. "Na mi niliuliza."

Nilirudi nyumbani kwa basi nikapitiliza kituo changu. Ilinichukua siku nne kupata namba ya Shefu Haruko. Ameuza mgahawa, anaishi pwani ya kusini, ana bustani. Alifurahi kunisikia. Aliniuliza magoti, nikamwambia magoti hayajambo kwa kuwa hayafanyi kitu. Kisha nikamwambia: kati ya wale uliodhani hawakuuliza, kuna mmoja aliuliza. Nikamsimulia Alhamisi ile kuanzia kwenye figili. Kwa Kiingereza, kwa sababu ni kwa Kiingereza nilidanganya. Nikamweleza lile neno letu, lina maana gani kwangu na lina maana gani kwa watu wa Bukavu. Nikasema, "Mimi nilimjibu. Wewe uliponiuliza kama aliuliza, nikakuambia hakuuliza."

Kwenye simu nikasikia anafunga bomba la maji.

"Mifuko tisa," akasema. "Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri sana. Nakumbuka ile harufu."

"Ndiyo, Shefu."

"Nakumbuka meza, nakumbuka oveni. Tatu, tatu, tatu." Nikamsikia anavuta kiti. "Yule mama. Aliitwa nani?"

Miaka tisa alikuwa amekaa na maganda yale na hakuwa na jina la mtu. Nikaambiwa nisubiri, anatafuta kalamu. Nikasubiri. Kisha nikamtajia jina lake lote, la kwake na la baba yake, herufi moja moja, taratibu, na alipomaliza kuandika nikamwomba anisomee ili nihakikishe ameliandika sawasawa.